Neno "gift": zawadi, sumu ao ndoa?

"Gift" ya Kiingereza wengi tunaijua: zawadi. Lakini kwa Kijerumani, "Gift" ni sumu. Ukiiona kwenye bidoni ya dawa ya kupulizia mimea, haiko zawadi hata kidogo! Na kwa Kiswidi ni mbaya zaidi: neno lile lile ni sumu, na pia ni mtu aliyefunga ndoa.

Munaweza kuwaza kama yalifanana bure tu. Hapana. Yote yametoka kwa kitenzi kimoja cha zamani, "kutoa". Bibi-arusi anatolewa na familia, njo ndoa ikaitwa vile. Hata kwa Waingereza wa kale neno hilo lilikuwa mahari. Wajerumani wangali na "Mitgift", mali ambayo bibi-arusi anakuja nayo kutoka kwao.

Na sumu? Hapa njo waganga waliingia. Wagiriki walisema "dosis", kutoa, kisha kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Wajerumani wakaigeuza kuwa "gift" yao. Polepole ikawa namna ya heshima ya kutaja sumu bila kuitaja, na leo maana ya zawadi kwao imekufa.

"Dosis" yenyewe tuko nayo: njo "dose" ya Kifaransa, ile tunahesabu kwa litre kwa hekta moja. Paracelsus, mganga wa Uswisi, aliandika mwaka 1538 kama kipimo njo kinaamua kitu kiwe sumu ao hapana. Aliandika kwa Kijerumani, na maneno yote mawili, "Gift" na "Dosis", yako mule.