Misuli ni ya Kazi Gani?

Huku mpakani, Busia na Tororo, vijana hujaza makopo saruji, huyaunganisha kwa chuma na kuyanyanyua kila jioni. Mwanafunzi wangu mmoja alikiri kwamba hunyanyua kwa sababu wenzake humcheka wembamba wake. Historia hii ni yake.

Mwaka 1946 Idi Amin alijiunga na jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Urefu na misuli vilimpandisha cheo. Akawa pia bingwa wa ndondi nchini Uganda. Mwaka 1971 alipindua serikali, na nguvu zile zikawa tishio kwa raia.

Enzi hiyohiyo alikuwapo askari polisi John Akii-Bua, aliyefanya mazoezi ya mbio akiwa amevaa fulana yenye vipande vya uzito. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Mwanafunzi mpendwa, jenga mwili wako, lakini jiulize kwanza utamtumikia nani. Na anayekucheka mkumbushe reli ipitayo Tororo: wembamba wa reli, garimoshi hupita.