Matairi ya Pikapu

Matairi ya pikapu hufungwa kwenye magari madogo ya mizigo yenye bodi ya wazi nyuma, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Toyota Land Cruiser 79. Gari la namna hii huenda sokoni tupu na kurudi na karibu tani moja ya saruji, mbolea au viazi, kwa matairi yaleyale. Kwa hiyo anayebadilisha matairi hutazama kwanza uwezo wa kubeba mzigo. Ukali wa kashata, yaani meno ya tairi, hufuata.

Maandishi ya ubavuni

Karibu kila anachohitaji mnunuzi kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Hilux nyingi za kazi zimetumia saizi ya 205R16C 110/108S. 205 ni upana kwa milimita, R ni muundo wa radial, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na C ni alama ya tairi la gari la biashara, lenye ubavu mgumu unaohimili upepo mwingi. Namba 110 ina maana kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 1,060. 108 ni kilo 1,000 kwa kila tairi yanapofungwa mawili mawili. S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa.

Tofauti inaonekana wazi tairi hilo likiwekwa kando ya 215/65R16 98H, saizi ya magari ya familia. Yote mawili ni ya rimu ya inchi 16, na la pili ni pana zaidi kwa macho. Lakini 98 ni kilo 750 tu. Matairi mawili ya nyuma ya saizi hiyo hubeba kilo 1,500 badala ya 2,120, na upungufu huo wa kilo 620 unaangukia ekseli inayobeba mzigo. Ni badiliko la hatari, hata kama tairi lenyewe ni jipya kabisa.

Kimo nacho kina hesabu yake. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 huongeza kipenyo kutoka milimita 776 hadi 803, yaani zaidi ya asilimia 3; spidomita ikisoma 100, gari linakwenda kama 103.

Tarakimu 4 za mwisho kwenye msimbo wa DOT ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin hupendekeza tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado zipo.

Aina za kashata

H/T ni ya lami, M/T ni ya tope, na A/T iko katikati. M/T hupiga kelele na hushika vibaya lami iliyolowa.

Upepo, joto na mkasa wa Firestone

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi katika kila mzunguko, likazalisha joto. Mzigo, mwendo na jua vikiongezeka, gundi kati ya tabaka za waya huachia na kashata kubanduka.

Funzo kubwa lilitoka Marekani. Agosti 2000, Bridgestone/Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5 ya Radial ATX, ATX II na Wilderness AT, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, gari lililoundwa kutokana na pikapu ya Ranger. Kashata zilikuwa zikibanduka njiani na magari kupinduka; vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilizidi 200. Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26, Firestone ikataka 30, na kampuni hizo zikalaumiana hadharani huku familia zikizika. Mwaka 2001 Ford iliamua kubadilisha matairi mengine milioni 13. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya TREAD mwaka 2000, ambayo matokeo yake ni taa ya dashibodi inayoonya upepo ukipungua.

Kipimo sahihi cha upepo huandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe.

Kubadilisha mawili au manne

Matairi mapya yakiwa mawili, hufungwa nyuma, ili mkia usiteleze kwenye mvua. Kwa gari la 4x4, yote manne yawe na kimo kimoja. Yakitofautiana, gia na difu huumia. Kikomo cha kisheria cha kina cha kashata katika nchi nyingi ni milimita 1.6.

Utengenezaji Afrika Mashariki

General Tyre ilitengeneza matairi Arusha, na kiwanda cha Nairobi cha Sameer Africa, wenye chapa ya Yana, kilifungwa mwaka 2016. Matairi mengi sokoni sasa huagizwa kutoka nje, hasa Asia.