Busaa ya Kakamega: wimbi ulivyonyang'anywa heshima yake

Huko Galicia, Hispania, kuna zabibu nyeupe ya kienyeji iitwayo Albariño. Tangu 1988 divai ya eneo lake inalindwa kisheria kwa jina la Rías Baixas, na asiyetoka huko haruhusiwi kulitumia. Kakamega, magharibi mwa Kenya, nayo ina zao lake la kinywaji, wimbi unaotengenezewa pombe ya busaa, ila sheria zilizolifikia zilikuja na polisi.

Wimbi asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na maelfu ya miaka iliyopita mbegu yake ilivuka bahari hadi India. Punje zake ni ndogo mno hata fukusi hawazisumbui, kwa hiyo ghala la wimbi lilikuwa akiba ya miaka ya njaa. Kupalilia ndiko kulikowachosha akina mama: miche yake michanga inafanana na magugu, na anayeng'oa bila kuangalia vizuri hung'oa chakula.

Mahindi yalipoenea magharibi mwa Kenya, yaliingia pia kwenye busaa. Unga wa mahindi huchanganywa na maji, ukaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi uwe chenga za kahawia zenye harufu ya mkate ulioungua kidogo. Lakini bila wimbi hakuna busaa. Punje hulowekwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba mpaka zitoe vimizizi, huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea kinachogeuza wanga wa chenga hizo kuwa sukari. Wazee waliketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na hapo ndipo mahari ilipozungumzwa na ugomvi wa mipaka kusuluhishwa.

Wamisionari wa Quaker walipofika Kaimosi, jirani na Kakamega, mwaka 1902, kuacha pombe kukawa alama ya Mkristo. Mwaka 1973 kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi, na miwa ikameza mashamba. Mwaka 1980 Bunge likapiga marufuku chang'aa, na busaa ikaandamwa pamoja nayo, ingawa chang'aa hukenekwa na ni kali, ilhali busaa ni pombe nyepesi. Kuziweka kapu moja kuliwaumiza bure wapika busaa wengi, hasa wajane waliolipa karo kwa mtungi. Sheria ya 2010 iliondoa marufuku hiyo na kuweka leseni, lakini hadhi haikurudi.

Njia ya kuirudisha ipo. Vikapu vya Taita vilisajiliwa kuwa alama ya pamoja chini ya Sheria ya Alama za Biashara, na jina likabaki mikononi mwa wanawake wanaovisuka. Wapika busaa wa Isukha na Butsotso, huko Kakamega, wanaweza kuomba vivyo hivyo, wakiandika ndani ya ombi lao kwamba kimea lazima kiwe cha wimbi uliolimwa Kakamega.