Kima cha chini Marekani: cha jimbo au cha taifa?

Wadau, nasikia sana kijiweni "Marekani saa moja ni dola kadhaa", kama vile nchi nzima bei moja. Siyo hivyo. Sheria ya taifa ilianza 1938, na tangu Julai 2009 kima chake kimegota dola 7.25 kwa saa. Majimbo yanaruhusiwa kupandisha: jimbo la Washington (siyo mji mkuu) mwaka 2025 lilikuwa 16.66. Alabama haina sheria yake, Georgia yake inasema 5.15. Zikigongana, mfanyakazi analipwa iliyo kubwa, kwa hiyo huko kazi nyingi ni 7.25.

Nimepiga hesabu ya saa 40 kwa wiki, kabla ya makato: Alabama dola 290, Washington 666.40. Mdau unayejipanga kwenda, uliza jimbo kwanza!