Kutoka Nambari Kuwa Jina

Ewe msomaji, ukitoka Kaptagat asubuhi, ukauacha msitu nyuma yako na kushika njia ya kaskazini-magharibi, utafika Eldoret. Mji huo haukuanza na jina hilo. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba ambalo wapimaji wa kikoloni walikuwa wamelipa nambari 64, juu ya uwanda uliochungwa mifugo na wenyeji kabla ya ramani yao. Watu wakauita mji Sitini na Nne. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret, lenye asili ya Kimaasai, maana yake mto wenye mawe. Hata hivyo nambari haikufa: katika vinywa vya Wakalenjin iligeuka ikawa Sisibo.

Sasa fikiri barua yenye anwani ya zamani iliyofika baada ya mabadiliko hayo. Karani ajuaye historia angeifikisha. Asiyeijua angeirudisha, na mwenye barua angekosa habari zake bila kosa lolote.

Jambo hilo limerudi katika zama za intaneti. Programu iitwayo Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, huwezesha tovuti nyingi kukaa katika usimikaji mmoja, kama mashamba mengi yaliyotegemea posta moja. Hapo kale kurasa zake zilitambulikana kwa alama ya kuuliza na nambari. Baadaye wenye tovuti wakapenda anwani safi, zenye maneno yasomekayo. Nambari ikawa jina, kama ilivyokuwa Eldoret. Basi kwa kila anwani iliyoachwa huwekwa agizo la kumwelekeza mgeni: alama 301 humwambia kwamba ukurasa umehama daima, na 302 kwamba umehama kwa muda.

Lakini jihadhari! Tuseme shule tatu za Kaptagat zinatumia usimikaji mmoja, na kila moja ina ukurasa uitwao historia. Shule ya kwanza ikihamisha wake, ikaandika katika faili la pamoja kwamba kila aulizaye historia apelekwe kwake, wageni wa shule mbili nyingine watapotezwa. Dawa yake ni agizo kuuliza kwanza, "Umebisha katika tovuti ipi?" ndipo liulize, "Wataka ukurasa upi?" Tena limfikishe mgeni kwa hatua moja, wala lisimzungushe kutoka mlango hadi mlango, asije akarudi alipoanzia.

Kubadili jina si dhambi, maana miji hukua na watu hujifunza. Dhambi ni kuhama bila kuacha neno mlangoni, au kuacha neno linalompeleka mgeni wa jirani nyumbani kwako. Anwani ni ahadi, na aliyeiandika katika daftari lake miaka mingi iliyopita angali akiitumaini. Nawe siku utakapopewa kazi ya kutunza anwani za wengine, mkumbuke karani wa Sitini na Nne.