Upimaji wa mvinyo mezani

Upimaji wa mvinyo mezani ni uonjaji wa mvinyo pamoja na chakula, aghalabu nyumbani mwishoni mwa juma, ambapo alama hutolewa kwa jinsi kinywaji kinavyopatana na mlo. Wataalamu hufanya kinyume: huonja bila mlo, glasi zikiwa zimepangwa safu, nao hutema badala ya kumeza. Ndiyo maana mvinyo uliosifiwa sana na majaji huweza kuwachosha walaji kabla sahani hazijaondolewa mezani.

Mizani inayotumika majumbani imeazimwa kwa wataalamu hao. Ile ya alama 20 iliwekwa mwaka 1959 na Maynard Amerine na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Ya alama 100 ilienezwa na mwanasheria wa Marekani, Robert Parker, aliyeanzisha jarida la The Wine Advocate mwaka 1978, akifuata mtindo wa alama za shuleni. Kwa kweli huanzia 50, hivyo nusu yake haina kazi. Kwa matumizi ya nyumbani, hata alama tano zinatosha.

Uthabiti wa waonjaji wenyewe umetiliwa shaka. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu. Waliueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 mtafiti Robert Hodgson alionyesha kwamba, kati ya majaji wa maonyesho ya jimbo la California walioletewa mvinyo uleule mara tatu bila kujua, ni takriban mmoja kati ya kumi aliyeupa alama zinazokaribiana. Kwa sababu hiyo chupa hufunikwa kwa mfuko wa karatasi, na kila mtu huandika alama zake kabla ya mazungumzo kuanza, maana mwenye sauti kubwa huwavuta wengine.

Chakula nacho hubadilisha kinywaji. Tanini, inayoleta ukakasi kama wa bibo, hushikamana na protini za mate. Nyama yenye mafuta huupunguza ukakasi huo. Chumvi na ndimu katika chakula huufanya mvinyo uonekane laini zaidi, na sukari huufanya uonekane mchachu. Pilipili huongeza mwako wa kileo, kwa hiyo mchuzi mkali hupatana zaidi na mvinyo wenye kileo kidogo na utamu kiasi. Kuhusu samaki, watafiti wa Japani walibaini mwaka 2009 kwamba shombo linalobaki mdomoni baada ya kunywa mvinyo mwekundu huletwa na madini ya chuma yaliyomo katika baadhi ya mivinyo. Kumbe si kila mvinyo mwekundu unaogombana na samaki.

Tanzania ina mvinyo wake wa kupimia. Zabibu za Dodoma, zilizopelekwa huko na wamisionari Wakatoliki, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na miongoni mwa aina zinazolimwa ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Mbuzi wa kuchoma aliyetiwa chumvi na ndimu huupendelea mwekundu usio na sukari. Kuku wa kupaka, kwa uzito wa tui la nazi, huhitaji mweupe wenye uchachu. Mwekundu unaoachwa kwenye joto la mchana hunuka kileo, hivyo huwekwa kwenye friji kwa dakika 20 hivi kabla ya kumiminwa.

Njia yenye manufaa zaidi ni kuandika alama mbili: moja kabla ya tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo. Tofauti baina yake hueleza mengi kuliko alama zenyewe. Pamoja nazo huandikwa jina la mvinyo, mwaka wa mavuno, na kiungo kilichotawala katika chakula. Chupa ikibaki nusu Jumamosi usiku, hufungwa, huwekwa kwenye friji na kupimwa tena Jumapili kwa kiporo; mivinyo yenye tanini nyingi wakati mwingine hupata alama za juu zaidi siku hiyo ya pili.