Dar es Salaam: Njia na Majengo ya Mwanzo

Dar es Salaam ilianza kuwa mji katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga bandari jirani na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, ujenzi ukazorota. Jengo mashuhuri lililobaki la enzi yake ni Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866–67 mbele ya bandari ili kufikia wageni wa Sultani. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, boriti zake ni za mikoko, na mlango wake ni wa mbao zilizonakshiwa Kizanzibari. Anayetaka kuujua mji huu na aanzie mlangoni hapo.

Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu yalianza kujengwa kabla karne haijaisha, yote yakitazamana na bandari.

Hata hivyo, hakuna kitu kilichoubadilisha mji kama reli. Ujenzi wake ulianza mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Kabla ya hapo mizigo ya bara ilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Stesheni ilipowekwa karibu na gati, shehena ikawa inatoka behewani moja kwa moja kuelekea melini. Bagamoyo ikapoa, Dar es Salaam ikajaa watu.

Wapagazi hawakwisha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwachukua kwa maelfu kuwabebea wanajeshi vyakula na risasi, na ndio waliolipatia eneo la Kariakoo jina lake. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali iliposimama sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, ina maandishi yanayowakumbuka wapagazi pia. Ni haki yao, maana wengi walikufa kwa maradhi na njaa.

Ndani ya mji wenyewe, watu wa kawaida walitembea kwa miguu. Serikali ya kikoloni iliacha uwanja wa Mnazi Mmoja utenganishe makazi ya Waafrika na Uhindini, na kila asubuhi vibarua waliukatiza wakienda kazini. Mabasi ya kampuni ya DMT yalianza mwaka 1949. Kampuni hiyo ilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1974 likaundwa shirika la UDA kuhudumia abiria wa mjini. Mabasi yake hayakutosha, abiria wakawa wanajazana kwenye magari ya watu binafsi yaliyopakia kwa kificho, hadi mwaka 1983 daladala ziliporuhusiwa rasmi.